Kazi ya Vestri katika Parokia, na Funzo Lake kwa Kamati Yetu

(Hotuba iliyotolewa na mweka hazina wa Kamati ya Wakimbizi siku ya kumbukumbu ya kamati)

 

Katika siku hii ya kumbukumbu, kamati imenitaka niseme juu ya jambo moja: jinsi watu wa kawaida, wasio makasisi wala wakubwa wa serikali, wanavyoweza kutunza mali ya wote bila kuipoteza na bila kugombana. Nimechagua mfano kutoka kanisani. Ndugu zangu Waislamu, na ninyi wa madhehebu mengine, msidhani nimepanda hapa kuhubiri. Nitasema habari za daftari, funguo na fedha, na mambo haya yanatuhusu sote.

Habari yenyewe ilinijia kwa simu. Mtoto wa dada yangu, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa sababu alikuwa akisaidia kupanga mistari siku ya mgao, alihamishiwa Marekani pamoja na jamaa yake. Huko anasali katika parokia ya Kanisa la Episkopo. Siku moja alinipigia akasema, "Mama mdogo, wamenichagua niingie katika vestri. Naogopa. Hii vestri ni kazi gani?"

Nilimwambia anipe muda. Sikutaka kumjibu haraka, kwa kuwa kazi ya namna hiyo niliwahi kuifanya nyumbani kabla ya vita, na niliwahi kukosea ndani yake. Kosa hilo nitalieleza. Kwanza nieleze kazi yenyewe.

JINA NA ASILI YAKE

Neno Episkopo limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni mwangalizi, yaani askofu. Kanisa la Episkopo ni kanisa lenye maaskofu. Ndugu zetu wa Sudan Kusini wanalijua jina hilo vizuri, maana ndilo jina la kanisa lao. Sisi wa Kongo tumezoea kusema Anglikana, na tunamkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyefika Boga mwaka 1896 akitokea upande huu wa Uganda. Majina yanatofautiana, lakini asili ni moja.

Vestri ni chumba kidogo kanisani ambamo kasisi huvaa mavazi yake ya ibada. Zamani, kule Uingereza, waumini walikutana katika chumba hicho kuzungumza habari za parokia. Polepole jina la chumba likawa jina la mkutano, na baadaye likawa jina la baraza lenyewe. Baraza hilo ni la walei, yaani waumini wasiowekewa mikono ya ukasisi.

Wafanyakazi wa mashirika wasikilize hili. Mwaka 1601 Uingereza ilitunga sheria ya maskini. Sheria hiyo iliwapa wazee wa kanisa, pamoja na waangalizi wa maskini, kazi ya kutoza kodi katika parokia ili wasiojiweza wapate msaada. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 400 iliyopita, watu wa parokia walikuwa wameketi wakiulizana yaleyale tunayoulizana hapa: nani apate, nani asipate, nani aandike majina, na nani amkague mwandishi.

VIRGINIA: BARAZA LILILOJICHAGUA LENYEWE

Waingereza walipohamia Amerika walikwenda na desturi hiyo. Katika koloni la Virginia vestri ilikuwa na nguvu kubwa. Ilijenga makanisa, ilitafuta makasisi, ilitunza maskini na yatima, na ilitoza kodi ambayo watu waliilipa kwa tumbaku. Askofu hakuwapo. Katika makoloni yote yale hakukuwa na askofu hata mmoja wa kanisa hilo mpaka Samuel Seabury alipowekwa wakfu mwaka 1784, tena ilimbidi avuke bahari mpaka Aberdeen, Scotland. Katika muda huo wote wazee wa parokia walijifunza kuendesha mambo wenyewe. Hata George Washington, kabla hajawa rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa mjumbe wa vestri ya parokia ya Truro.

Lakini mambo yaliharibika mahali fulani, nami nawaomba mpaangalie vizuri. Katika miaka ya 1660 sheria ya Virginia ilisema vestri iwe na watu 12. Mwanzoni walichaguliwa na watu wa parokia. Baadaye, mmoja akifa au akiondoka, waliobaki pamoja na kasisi walimchagua wa kujaza nafasi yake. Watu wa parokia hawakuulizwa tena. Baraza likawa linajizaa lenyewe, na viti vikakaa katika jamaa chache zenye mashamba makubwa. Wengi wao walikuwa na watumwa.

Kodi ya parokia ilitozwa kwa hesabu ya vichwa. Watumwa, wanaume na wanawake, kuanzia umri wa miaka 16 waliingizwa katika hesabu hiyo. Sauti hawakuwa nayo. Vichwa vyao vilihesabiwa kwenye kodi, lakini havikuhesabiwa kwenye kura.

Ndugu zangu, mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mstari wa kuhesabiwa wakimbizi anaelewa ninachosema. Kuhesabiwa ni jambo moja, na kusikilizwa ni jambo lingine. Kamati hii iliundwa ili tusiwe watu wa kuhesabiwa tu.

PHILADELPHIA: WALIOFUKUZWA WAKAJITAWALA

Upo mfano wa pili, na huu unatia moyo. Katika mji wa Philadelphia, mwishoni mwa karne ya 18, waliishi watu weusi huru na wengine waliokuwa wametoka utumwani. Mmoja wao aliitwa Absalom Jones. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa, akapata uhuru wake mwaka 1784. Mwaka 1787 yeye na Richard Allen waliongoza kuundwa kwa chama cha kusaidiana, cha kuangalia wagonjwa, wajane na yatima. Walikuwa wakisali katika kanisa la weupe, lakini walibaguliwa humo hata kusumbuliwa wakiwa wamepiga magoti, wakatoka.

Mwaka 1793 homa ya manjano iliupiga mji huo. Wenye uwezo wengi walikimbia, na watu wa chama kile cha weusi wakabaki kuuguza wagonjwa na kuzika maiti. Mwaka uliofuata, 1794, walifungua kanisa lao, Kanisa la Kiafrika la Mtakatifu Thomas, wakaomba kuingia katika Kanisa la Episkopo. Waliomba kwa masharti: wapokewe wakiwa kundi kamili, wasimamie mambo yao wenyewe, na Absalom Jones awaongoze katika ibada. Walikubaliwa. Baadaye Jones akawa kasisi wa kwanza mweusi katika kanisa hilo.

Hata hivyo haki haikuwa kamili. Kwa miaka mingi parokia hiyo haikuruhusiwa kupeleka wajumbe katika mkutano mkuu wa dayosisi. Walikuwa na sauti nyumbani kwao, lakini hawakuwa na sauti kwenye meza kubwa. Akina mama nao walingoja sana: mlango wa wanawake kuketi kama wajumbe katika mkutano mkuu wa kanisa hilo la Marekani ulifunguliwa rasmi mwaka 1970. Nayasema haya ili tusidhani kwamba wenzetu walianza wakiwa wamenyooka. Walijirekebisha njiani, na sisi tunaweza kujirekebisha.

VESTRI INAFANYA NINI LEO

Sasa nije kwenye swali la kijana wangu. Vestri huchaguliwa na waumini katika mkutano mkuu wa parokia. Idadi ya wajumbe na muda wao hutegemea taratibu za dayosisi na sheria za jimbo. Mahali pengi mjumbe hukaa miaka mitatu, na kila mwaka theluthi moja hutoka ili wengine waingie. Kwa njia hiyo baraza halibaki bila wazoefu, wala halizeeki likiwa na watu walewale. Wapo wazee wakuu wawili, yupo mweka hazina, na yupo mwandishi wa kumbukumbu za vikao.

Kazi zake kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kuwa wakili wa parokia mbele ya sheria katika mambo yote ya mali yake. Ya pili ni kusimamia fedha: makisio ya mwaka, mapato, matumizi na matengenezo ya majengo. Ya tatu ni kumchagua kasisi mkuu wa parokia, ambaye wao humwita rekta, kwa kushauriana na askofu, na kulinda uhusiano mwema kati yake na waumini.

Nguvu hiyo imewekewa mipaka, na kwangu mimi mipaka hiyo ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Ibada iko mikononi mwa kasisi. Mweka hazina hawezi kumwambia kasisi namna ya kusali. Kasisi ndiye huongoza vikao, lakini mali si yake. Vestri haiwezi kumfukuza kasisi kwa hasira ya siku moja, na kasisi naye hawezi kujiuzulu bila ridhaa ya vestri. Wakitofautiana, kuna njia iliyoandikwa ya kufuata, na askofu anahusika. Vestri haiwezi kuuza ardhi ya kanisa wala kuiweka rehani bila idhini ya maandishi ya askofu na ya kamati ya kudumu ya dayosisi. Mali ya parokia inashikwa kwa amana. Waliopo leo wanawatunzia waliotangulia na watakaokuja.

Katika fedha, kanuni za kanisa hilo zinataka hesabu zikaguliwe kila mwaka. Fedha za amana na za akiba ya kudumu ziwekwe benki au mahali palipokubaliwa, na zisitolewe bila sahihi mbili, kwa uchache. Wanaotunza fedha wakatiwe dhamana, ili zikipotea mikononi mwao parokia isibaki na hasara.

Nilipomweleza kijana haya kwenye simu, alicheka akasema, "Mama mdogo, inaonekana hawa watu hawaaminiani." Nikamjibu kwamba sahihi ya pili inamlinda yule mwenye sahihi ya kwanza. Nilijifunza hivyo kwa kuumia.

KOSA LANGU

Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa sababu nilijua hesabu, waumini walinichagua kuwa mweka hazina wa baraza la parokia yetu. Tulikuwa tunachanga fedha za mabati. Kanisa lilikuwa la nyasi na mvua ilikuwa ikitunyeshea tukisali. Watu walileta kidogo kidogo: mwingine fedha ya kuku, mwingine fedha ya mkungu wa ndizi.

Usiku mmoja mchungaji wetu alinigongea mlango. Mtoto wa jirani yake alikuwa mahututi, na kumfikisha hospitali kulihitaji fedha. Alisema, "Mama, toa katika fedha za mabati, tutarudisha." Nilitoa. Sikuandika. Sikumwamsha mzee wa kanisa ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu. Mtoto alitibiwa akapona, na yule baba alirudisha fedha zote baada ya mavuno.

Lakini kabla hazijarudi, mtu mmoja aliuliza kikaoni fedha za mabati zimefika ngapi. Nilitaja kiasi pungufu ya kile walichokuwa wakikijua. Nikaeleza, na mchungaji akaeleza. Baadhi walikubali, wengine wakanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikotuua. Michango ilipungua Jumapili baada ya Jumapili. Fedha zilipotimia tena mkononi mwangu, imani ya watu ilikuwa imekwisha kuondoka. Mpaka tunakimbia, kanisa lile lilikuwa bado la nyasi.

Kwa miaka mingi nilijiuliza kosa langu lilikuwa wapi. Je, ningemwacha mtoto afe kwa ajili ya mabati? La, hata leo nisingeweza. Jibu nililipata niliposoma taratibu hizo za Kanisa la Episkopo. Kanuni zao zinasema kwamba, Jumapili moja ya kila mwezi, sadaka ya Meza ya Bwana isiyotajiwa kazi nyingine hukabidhiwa kasisi, aitumie katika matendo ya huruma kadiri aonavyo. Huo ni mfuko wa huruma. Usiku mtu akigonga mlango, kasisi anao mkononi wa kutoa, na fedha za paa haziguswi.

Basi sisi huruma tulikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni mfuko wake. Tuliilazimisha huruma iingie katika mfuko wa mabati, tukaharibu vyote viwili.

TUFANYE NINI HAPA

Ndugu Mwenyekiti, kamati yetu si vestri. Ardhi hii si yetu, ni ya nchi iliyotupokea. Katika Kanisa la Episkopo, kundi ambalo halijaweza kujitegemea huitwa misheni, na huwa chini ya uangalizi wa karibu zaidi wa askofu. Labda sisi tunafanana zaidi na misheni. Lakini hata asiye na ardhi anaweza kuwa na amana. Tunao mfuko wa maziko. Tunazo turubai na vyombo vya msiba. Tunayo mashine ya kusaga inayotumiwa na wote. Na tunayo orodha ya wajane na wazee wasio na mtu, ambayo ni mali kubwa kuliko mashine.

Kwa hiyo nina maneno manne.

La kwanza ni uchaguzi. Nimesikia watu wema wakisema, "Kamati iliyopo inafanya vizuri, ya nini kuchagua tena? Iendelee tu, na nafasi zikiwa wazi wajaze wenyewe." Nawaheshimu waliosema hivyo, lakini Virginia ilianza kwa njia hiyohiyo. Tufanye uchaguzi kama tulivyoahidi, kila mtaa upige kura, akina mama na vijana wamo. Tukitaka wazoefu wabaki, tupange sehemu moja itoke mwaka huu na nyingine mwaka ujao.

La pili ni sahihi mbili na daftari la wazi. Hesabu zisomwe mbele ya watu, kwa lugha zinazosikika hapa, na zikaguliwe na watu wasio wajumbe wa kamati.

La tatu ni mfuko wa huruma. Naomba kamati mpya itenge kiasi kidogo, chenye kikomo kinachojulikana, ambacho mtu mmoja aliyeaminiwa anaweza kukitoa usiku wa dharura na kukiandika asubuhi. Sina budi kuwaeleza kwa nini. Katika daftari la mfuko wa maziko kuna mstari mmoja wenye sahihi moja tu. Sahihi hiyo ni yangu. Ulikuwa usiku wa mvua, maiti iko ndani pamoja na watoto, na mwenye sahihi ya pili alikuwa amelazwa. Nilitoa fedha za sanda na mbao. Safari hii niliandika usiku uleule, na kamati iliupitisha mstari huo kwenye kikao kilichofuata. Hata hivyo nilivunja utaratibu wetu, na nataka mlisikie hilo kutoka kinywani mwangu kabla hamjalisikia kisimani.

La nne ni kwa ndugu zetu wa mashirika. Tunawashukuru. Lakini mnapoleta kitu, msimkabidhi mtu mmoja kwa sababu tu anajua Kiingereza au Kifaransa, au kwa sababu ndiye aliyewahi ofisini. Hata awe mwaminifu namna gani, mnamtwisha mzigo utakaomvunja. Kabidhini kamati, mbele ya watu, na ipatikane karatasi inayobaki kwetu. Mfanyakazi huhamishwa na mradi hufungwa, lakini karatasi hubaki.

Mwisho, mmeniuliza kama nitasimama tena katika uchaguzi. Sitasimama. Nimetumika vipindi viwili, na akili ya hesabu bado ninayo, Mungu ashukuriwe. Lakini wapo mabinti hapa waliosoma katika shule ya kambi hii hii, wanajua hesabu kunishinda. Nitakaa nao mpaka wazoee, kisha nitakaa nyuma pamoja na wazee wenzangu na kuwauliza maswali magumu siku ya kusomwa daftari.

Kijana wangu kule Marekani aliikubali kazi. Kikao cha kwanza walimpa fungu la karatasi za hesabu, akanipigia tena. Nikamwambia: "Soma zote. Usipoelewa, uliza kwa sauti. Aliyekuchagua amekupa macho yake."

Daftari la mfuko wa maziko liko pale mezani, karibu na mtungi wa maji. Tutakapomaliza, kila anayetaka alifungue alisome. Asiyejua kusoma aje kwangu, nitamsomea mstari kwa mstari, pamoja na ule wa sahihi moja.